Kibao cha Njia Panda

Ukitoka Chalinze ukavuka mto Wami, ukapita Mkata, Kabuku na Michungwani penye mafungu ya machungwa kando ya lami, barabara inakufikisha Segera na hapo inagawanyika. Kulia ni Hale, Muheza na Tanga mjini. Kushoto ni Korogwe, Mombo, Same, kisha Moshi na Arusha. Konda huanza kupaza sauti kabla basi halijapunguza mwendo, "Segera kuna wa kushuka?", kwa sababu atakayepitiwa na usingizi hapo ataendelea na safari isiyo yake. Mji ni mdogo, na wasafiri wengi wanaukumbuka kwa chai na mahindi ya kuchoma tu. Lakini saruji ya Tanga iendayo bara na abiria wa Dar es Salaam waendao Kilimanjaro, wote hupita kwenye kona hiyo.

Ninapowafundisha vijana kazi ya mitandao huwachorea kona hiyo ubaoni. Seva nayo ina njia panda yake. Ndani yake kuna jedwali la njia: pakiti inayokwenda mahali fulani ipite mlango huu, inayokwenda mahali pengine ipite ule. Kisha kuna mstari unaopokea kila kitu ambacho hakikutajwa kwingine, nao ndio mafundi tunauita getiwei ya msingi. Mstari huo ni kama kibao cha njia panda. Anayeugusa hagusi safari ya mtu mmoja, anagusa safari za wote waliomo, hata wale asiowajua. Maneno hayo nilikuwa nayasema vizuri darasani kabla sijayafahamu. Niliyafahamu Segera, usiku mmoja wa mvua za vuli, nami nayasimulia kwa sababu kuna watu waliolipia kosa langu.

Kilikuwa chama cha akiba na mikopo, ofisi yake kuu ikiwa Segera na matawi mawili, Korogwe na Handeni. Wanachama ni wakulima wa machungwa na mahindi, mama lishe wa stendi, vijana wa bodaboda. Seva yao ilikaa stoo, nyuma ya chumba cha keshia, juu ya meza ya mbao, na UPS miguuni. Ilikuwa inatumia Ubuntu, na mpangilio wa mtandao wa mashine nzima ukiwa kwenye faili moja ndani ya folda ya netplan. Matawi yaliingia kupitia laini ya faiba yenye anwani ya IP isiyobadilika. Kampuni ya simu iliyowapelekea wanachama fedha kwenye simu zao ilikuwa inaitambua seva kwa anwani hiyo hiyo. Maombi yakija kutoka anwani nyingine inayakataa, na inafanya vema, maana ndivyo fedha za watu zinavyolindwa.

Meneja alinipigia simu kwa jambo dogo. Kila usiku seva ilituma nakala ya kumbukumbu zake zote kwenye kompyuta moja iliyoko Dar es Salaam. Nakala zilikuwa zimenenepa, zikawa zinaendelea hadi asubuhi, na makeshia wa matawini wakawa wanasubiri dakika nzima kufungua akaunti ya mtu mmoja. Alikuwa amenunua rauta ya laini ya simu na kifurushi cha usiku, ambacho ni rahisi. Akaniuliza, "Fundi, hatuwezi kuzipitisha nakala huku, faiba tukawaachia wanachama?"

Tunaweza. Naomba msomaji alishike swali lake kama alivyoliuliza, kwa sababu mimi sikulishika. Alitaka mzigo mmoja, unaokwenda mahali pamoja, upite njia nyingine. Hilo ni mstari mmoja kwenye jedwali: kila kinachokwenda kwenye anwani ile ya Dar es Salaam kipite rauta ya pili. Kila kingine kinabaki kilipokuwa.

Nilifika mchana, nikachomeka rauta mpya kwenye tundu la pili la mtandao, nikaona taa zinawaka, nikala wali kwa mama lishe nikarudi Tanga. Kazi ya kuandika njia nikaiacha ya usiku, ili nisiwasumbue. Saa 4 usiku nikafungua laptopu nyumbani, nikaingia kwenye seva kwa mbali, kwa SSH, kupitia faiba, nikafungua faili. Nilikuwa nimechoka na sikukumbuka vizuri anwani ya kompyuta ya Dar es Salaam. Ingenichukua dakika tano kuitafuta. Badala yake nikajiambia: nakala zinatoka usiku, usiku hakuna mtu, basi niigeuze getiwei yenyewe ielekee rauta mpya, kesho nitaipanga vizuri. Nikaandika, nikahifadhi, nikatoa amri ya netplan apply.

Kioo kikaganda. Nikabonyeza, hakuna herufi.

Kilichotokea ni hiki. Nilikuwa nimeingia kwa mlango wa faiba. Seva ilikuwa bado inanisikia, lakini kila jibu ililonipa lilisoma kibao kipya na kutokea mlango wa pili, likiwa limevaa anwani ya laini ya simu. Laptopu yangu ikaona majibu kutoka kwa mtu isiyemjua, ikayatupa. Ni kama umetuma barua Segera kutoka Tanga, na yule wa Segera ameijibu vizuri, kisha akaipandisha kwenye basi la Arusha. Kuingia kwa mlango wa pili nako hakuwezekani, kwa sababu laini nyingi za simu zinakaa nyuma ya anwani moja ya kampuni, na kutoka nje huna pa kubisha.

Nilimpigia mlinzi, mzee wa watu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini usiku huu?"

Nikamwomba aingie stoo. Akanijibu taratibu kwamba stoo ina kufuli, na ufunguo anao meneja. Meneja simu imezimwa. Nikamuuliza kama umeme upo, akasema upo. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani ukatike. Halafu nikakumbuka kwamba hata ukikatika hautanisaidia. Kama ningebadilisha njia kwa amri ya muda, ile inayokaa kwenye kumbukumbu ya mashine tu, kuzima na kuwasha kungerudisha mambo yalivyokuwa. Lakini mimi nilikuwa nimeliandika kosa kwenye faili. Seva ingezimika, ikawaka, ikalisoma upya na kulitii.

Alfajiri nikapanda gari la kwanza, kilomita 70 na ushee. Nilipofika, keshia wa Segera alikuwa ameshafungua dirisha. "Shikamoo kaka. Mbona mapema? Hapa kila kitu kiko sawa." Kweli kilikuwa sawa kwake. Kompyuta yake na seva ziko kwenye mtandao mmoja wa ndani, hazihitaji kibao cha njia panda kuonana, kama jirani asivyohitaji basi kuja kukuamkia. Hapo ndipo hatari ya mipangilio hii ilipo. Anayesimama karibu na kosa halioni. Linaumiza mbali.

Saa 2 na nusu simu za Korogwe na Handeni zikaanza. Matawi yote mawili hayaoni seva. Muda si mrefu wanachama wa Segera nao wakaanza kulalamika: wameomba fedha kwa simu, salio linaonekana, fedha haziji. Maombi yalikuwa yanafika kwenye kampuni ya simu yakitoka anwani ngeni, yanakataliwa moja baada ya jingine. Na meneja, tulipompata, alikuwa Handeni kwenye kikao, ufunguo mfukoni.

Nilikaa kwenye benchi mbele ya mlango wa stoo tangu saa 2 hadi saa 5 kasoro, nikiangalia kufuli. Katikati ya muda huo keshia wa Korogwe akanipigia. Mbele yake alikuwa mama mmoja ambaye mtoto wake amelazwa tangu jana, ameandikiwa dawa za kununua nje, akiba yake ipo, na tawi haliwezi kuiona. "Nimwambie nini, kaka?" Sikuwa na la kumwambia. Baadaye nilipata habari kwamba keshia huyo alifungua pochi yake mwenyewe akampa shilingi 40,000, bila maandishi, kwa kumwangalia usoni tu. Mtoto alipona. Lakini mimi sikuwa na mchango wowote katika kupona kwake, na dakika tano nilizoona ni nyingi usiku ule nimezihesabu mara nyingi tangu hapo.

Miaka iliyofuata nilikuta kisa changu kimeandikwa kwa herufi kubwa kuliko zangu. Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, yapata saa 12:40 jioni kwa saa zetu, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima. Wengi hapa tulidhani ni vifurushi vimeisha, au mkongo wa baharini umekatika. Haukuwa mkongo. Kampuni yenyewe ilieleza siku iliyofuata: katika matengenezo ya kawaida ilitolewa amri ya kupima uwezo wa mtandao wao mkuu, amri hiyo ikakata viungo vyote vya mtandao huo kwa mara moja, na programu iliyowekwa kukagua amri za namna hiyo ilikuwa na hitilafu, haikuizuia. Seva zao za DNS, zile zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, zilipoona haziwezi kufikia vituo vya data, zikajiona mbovu, zikaacha kuitangazia dunia njia ya kuzifikia. Kwa hiyo hata mashine zilizokuwa nzima zikawa hazifikiki.

Kilichonishtua zaidi ni kilichofuata. Wahandisi hawakuweza kuingia kwa mbali, kwa sababu njia ya kuingilia ni ile ile iliyokatwa. Zana zao za ndani nazo zilikuwa zimekwama. Ikabidi watu waende kwa miguu yao hadi kwenye vituo, na huko wakacheleweshwa na ulinzi wa milango na mashine, uliowekwa makusudi ili mtu asiingie kirahisi. Huduma zilirejea baada ya saa sita hivi, usiku wa manane kwetu. Nikaisoma taarifa ile nikaliona benchi langu na kufuli la stoo. Kampuni yenye wahandisi maelfu na chama cha wakulima wa machungwa walikwama mahali pale pale: mtu alikata barabara akiwa amesimama juu yake, na ufunguo wa mlango wa nyuma haukuwa karibu.

Baadhi ya wenzangu husema dawa ni kutofanya kazi hizi kwa mbali. Sikubaliani nao. Chama cha Segera hakiwezi kumlipa fundi nauli kila faili linapoguswa, na wakifanya hivyo hawataligusa kamwe, jambo ambalo ni baya pia. Dawa yangu ni hii: kwanza uliza kama unachotaka ni cha mashine nzima au cha safari moja. Mara nyingi ni cha safari moja. Kisha jaribu kwa muda kabla ya kuandika. Netplan yenyewe ina amri ya try: inaweka mpangilio mpya, inahesabu sekunde 120, na usipobonyeza kitufe cha kukubali inarudisha wa zamani. Aliyejifungia nje hawezi kubonyeza, kwa hiyo mlango unafunguka wenyewe. Nilikuwa naijua amri hiyo. Nilikuwa nimewafundisha watu amri hiyo. Na nakala ya faili la zamani iwe kando kwa jina linalosomeka, ili hata keshia aweze kulirudisha ukimwelekeza kwa simu.

Asubuhi ile ya Segera, meneja alifika na ufunguo saa 5 kasoro. Kurekebisha kulichukua dakika saba, na nne kati ya hizo zilikuwa za kutafuta kibodi. Niliwaeleza wote, yeye na makeshia, kwamba kosa ni langu wala si la mtandao. Keshia wa Segera aliniuliza kama ningeweza kumwonyesha hilo faili. Nikamwonyesha. Akaliandika jina lake kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya UPS.

Wiki iliyofuata nikafanya kazi ile niliyotumwa tangu mwanzo. Ufunguo wa pili ulikuwa ndani ya bahasha kwa mlinzi. Saa 4 usiku nikampigia, akafungua stoo akaketi ndani na tochi yake. Nikaandika mstari mmoja, wenye anwani moja ya Dar es Salaam, nikatoa amri ya try, hesabu ikaanza kushuka kutoka 120. Nikafungua dirisha jingine nikaingia upya kwenye seva, ikanipokea. Nikayauliza matawi, yakajibu. Zilipobaki sekunde 60 na kitu nikabonyeza.

"Mzee, hizo taa za rauta ndogo zinafanyaje?"

"Zinacheza, mwanangu. Zinacheza sana."

Nakala zilikuwa zinatoka. Nikamwambia anaweza kufunga, naye akasema ataketi kidogo hadi mvua ipungue.