Cheti cha Mwalimu wa Gitaa

Je, ni haki kumnyima mtu jina la mwalimu kwa kuwa hana cheti? Swali hili limetusumbua tangu tulipomwona mpigaji mmoja mzee, aliyewafunza gitaa vijana wengi wa mtaani, akikataliwa kazi ya kufundisha shuleni.

Mzee huyo hupiga kwa mtindo wa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, yule ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville mwaka 1952. Bosco alicharaza nyuzi kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu: gumba likishika besi, shahada kikiimba juu yake. Katika gitaa la klasiki, linalotahiniwa katika vyuo vingi vya muziki vya Ulaya, mkono wa kulia hutumia gumba na vidole vitatu. Mtahini aliyelelewa huko huenda akaona dosari pale ambapo wapigaji wa Afrika Mashariki waliona ustadi wa kuigwa.

Hata hivyo, hatuthubutu kuvitupa vyeti. Mwanafunzi anayeanza hana kipimo cha kumpimia mwalimu wake. Akizoezwa kupinda mkono vibaya, maumivu ni yake. Tena kujua kupiga si kujua kueleza kwa nini kidole kiwekwe hapa wala si pale. Mabingwa wengi (na wengine, tuseme kweli, ni wachoyo) huishia kusema, "Tazama mkono wangu."

Basi lawama yetu haikiangukii cheti, bali mtihani usiompa mzee yule nafasi ya kupiga kwa vidole vyake viwili, kisha akabidhiwe mtoto mmoja, amfunze mbele ya watahini.