Wazo Lisiloalikwa: Suala la Lawama katika Uhakiki wa Mhusika

Mhakiki anapochambua uzungumzi nafsia, aghalabu huuchukua kama ungamo: alichokiwaza mhusika ndicho alicho. Makala hii inahoji mtazamo huo. Je, mtu astahili lawama kwa wazo lililomjia bila kuitwa? Swali hili si la vitabuni tu. Wapo wazazi wanaorudiwa tena na tena na wazo la kumdhuru mtoto wampendaye, na wacha Mungu wanaojiwa na kufuru katikati ya sala; nao hujihukumu kuwa wauaji na makafiri.

Lugha yenyewe inatupa mwanga. Neno wasiwasi limetokana na Kiarabu, ambako lahusiana na mnong’ono, hasa ule wa shetani. Penye mnong’ono pana anenaye na asikiaye, na asikiaye si lazima awe mwenye maneno.

John Bunyan aliufahamu mkanganyo huu. Katika Safari ya Msafiri (1678), Mkristo anapopita Bonde la Uvuli wa Mauti, pepo anamnyemelea kwa nyuma na kumnong’oneza matusi dhidi ya Mungu. Mkristo anadhani yametoka moyoni mwake, na dhana hiyo inamuumiza kuliko yote yaliyomkuta awali. Kinachomtesa, basi, ni kujidhania kuwa ndiye msemaji.

Yamkini mtu akadai kuwa hoja hii inamtakasa kila mwovu. La hasha. Katika Macbeth ya Shakespeare, wachawi wanawatabiria watu wawili. Macbeth anajiwa na taswira ya mauaji inayomtisha yeye mwenyewe. Hadi hapo hana hatia. Hatia inaanza anapolikalia shauri na mkewe na kulipangia saa. Banquo naye anasumbuliwa na fikra mbaya usiku, lakini anaomba zizuiwe, wala hazipi mkono wa kutendea. Kusikia hodi si kuitikia karibu.

Pingamizi nzito zaidi inatoka kwa Bunyan mwenyewe. Katika tawasifu yake ya mwaka 1666 anasimulia jinsi alivyoandamwa kwa muda mrefu na wazo la kumuuza Kristo, hata akiwa mezani, hadi siku moja akahisi moyo wake umeridhia. Je, hakukaribisha? Tuonavyo, aliridhia kwa kuchoka, na kilichomchosha ni vita vyenyewe. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwataka wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano. Walishindwa, na baadaye, waliporuhusiwa, walimfikiria zaidi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Kabla ya hapo, mwaka 1978, Rachman na de Silva walikuwa wameonyesha kuwa mawazo ya aina hii huwajia hata watu wengi wasio wagonjwa.

Hivyo, anayesumbuliwa ana njia ya tatu kati ya kutii na kupigana: kulitambua wazo kuwa ni wazo, kuliacha lipige hodi, na kuendelea na kazi iliyo mikononi. Njia hii si rahisi, na wengi huhitaji msaada wa mtaalamu ili kuizoea.

Mhakiki naye ana wajibu. Kabla ya kumtia mhusika hatiani, aulize wazo lilifikaje, lilipokewaje, na lilipewa kazi gani. Asipouliza, atamhukumu Banquo kwa kosa la Macbeth; na msomaji anayeteseka kimya atajiona amehukumiwa pamoja naye.