Adabu za Kuwatazama Ndege wa Safari Mida

Wewe unayekwenda hori ya Mida na darubini yako mwishoni mwa wiki hii, umechagua wakati mwema. Aprili kaskazi imekwisha nguvu na kusi haijashika sawasawa, na ndege waliohamia kwetu tangu Septemba wamo mbioni kuondoka. Utamwona kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo, kifua kimeanza kuiva wekundu wa tofali, bado madoamadoa. Huyo anakwenda kutaga Siberia.

La kwanza, usiwafurushe. Ndege wa safari hiyo hula mchana na usiku ajaze mafuta mwilini. Hayo ndiyo masurufu yake. Kila arukapo kwa hofu, sehemu ya masurufu huteketea, na nafasi ya kula humpita, maana maji hayamngoji. Saa mbaya kuliko zote ni maji yakijaa. Tope limefunikwa, nao wamesongamana kwenye fungu la mchanga au juu ya mikoko, hawana pengine. Nimewaona watu wazima wenye kamera za thamani wakilikimbilia kundi lililopumzika, ili tu wapate picha ya mbawa hewani. Huo ni utovu wa adabu, na sitautafutia jina la upole.

Fika maji yakiwa yametoka, keti mahali pamoja, uyaache yakijaa yawasogeze ndege kwako. Saa za maji waulize wavuvi, nao watakwambia kama ni bamvua au maji mafu.

Ila wasalimie kwanza, kabla hujatoa darubini. Tope lile ni riziki ya watu: huyu anachimba chambo, yule anatafuta kaa. Usimpige picha mtu aliyeinama kazini bila idhini yake. Lipa kiingilio cha daraja la mbao lipitalo mikokoni, wala usivutane bei na kijana anayekuongoza. Pesa za wageni zimewasaidia watoto wa vijiji vya kando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke kulipiwa karo ya sekondari.

Ukibahatika kumwona mla kaa, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, zidisha umbali. Ndege huyu huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Bahari ya Shamu, Ghuba na pande za Omani. Huchimba shimo mchangani na kwa kawaida hutaga yai moja tu humo. Mtoto wake, mwenye mgongo wa kijivu, huendelea kulishwa na wazazi hata baada ya kufika huku. Ukiwatawanya, umemtenga mtoto na anayemlisha.

Katika daftari andika ulichokiona, si ulichotamani kukiona. Wapo vitwitwi wa mchanga wa aina mbili, wadogo na wakubwa, ambao kwa mbali hata wajuzi huwachanganya. Kama hukuhakikisha, sema hivyo. Kumbukumbu ya uongo huwapotosha watakaoitumia baadaye.

Wala usidhani ufuo hubaki mtupu Mei. Wengi wa wachanga wa mwaka wa kwanza hawaendi kaskazini, hubaki hapahapa hadi wenzao warudi. Ukija Juni na mbwa wako, mfunge kamba.