Joto Limekwenda Wapi?

Watu wengi hudhani kwamba kiyoyozi cha gari hutengeneza baridi. La hasha. Kazi yake ni kuondoa joto mahali pamoja na kulitupa pengine. Injini huzungusha mkanda, mkanda huzungusha kompresa, nayo kompresa huigandamiza gesi hata ikapata moto. Gesi hiyo hupita mbele ya rejeta, huacha joto lake hewani na kugeuka kimiminika. Ikipanuka tena nyuma ya dashibodi hunyonya joto la abiria. Hita, ambayo asubuhi za Ngara huihitaji, ni jambo jepesi: hutumia maji ya moto ya injini, ambayo joto lake lingepotea bure.

Basi joto la yule anayestarehe ndani limekwenda wapi? Limekwenda barabarani, kwa waendao kwa miguu.

Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Magari ya misaada yakajaa njiani, mengine yamefunga vioo. Sisemi madereva walikosa. Joto lile ni dogo mno mbele ya jua, na vumbi letu la Nyamahanga ni kikohozi kitupu. Ila kioo huzuia pia sauti. Mama aombaye lifti, mtoto mgongoni, huonekana akifumbua kinywa tu. Hapo ndipo ninapoona dhuluma, wala si kwenye ubaridi.

Kiyoyozi kina swichi ya kuzuia hewa ya nje. Wengi huifunga kwa ajili ya vumbi, na wakifika kwenye lami husahau kuifungua.