Picha Ikilainika Mno, Ulizeni

Wanangu mnaosomea radiolojia hapa Kisangani, kaeni kidogo. Kesho mtatumwa Kinshasa, Kampala au Nairobi kujifunza skana ya moyo, na huko mtaonyeshwa picha zinazong'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Kabla hamjazipenda, jueni zinavyopikwa.

Skana haipigi picha kama tunavyopiga radio ya kifua. Bomba la mionzi humzunguka mgonjwa na kuokota vivuli kwa mamia ya pembe. Picha ni hesabu ya baadaye. Njia ya zamani huchuja kila kivuli, kisha hukirudisha katika njia kilimopita. Ni ya haraka, ila inaamini kila kivuli kama kiapo. Punguza mionzi hadi robo, na chengachenga zinakuwa maradufu. Njia ya pili hukisia picha, hukokotoa vivuli ambavyo picha hiyo ingetoa, hulinganisha na vilivyopimwa, husahihisha, hurudia. Wauzaji wa mashine huiita mpya. Mpya wapi! Hounsfield, ambaye mashine yake ilimpima mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, alianza na hesabu za namna hiyo. Ziliwekwa kando kwa kuwa kompyuta zilikuwa goigoi.

Sasa stenti, kile kibomba cha wavu wa chuma kinachotanua mshipa wa moyo. Nyuzi zake ni kama milimita 0.1, mara nyingi chini ya hapo. Jicho la skana ya kawaida linakomea karibu nusu milimita. Basi chuma huvimba kwenye picha, hula nafasi ya damu, na mshipa ulio wazi huonekana umebanwa. Mkichagua kichujio kikali, kile kinachonoa kingo za picha, uvimbe unapungua lakini chengachenga zinajaa. Waulizeni wavuvi Wagenya pale maporomokoni: kikapu cha matundu madogo hunasa dagaa, na takataka zote za mto pia.

Hapo ndipo hesabu za kurudia zinaposaidia: zinatuliza chengachenga, kichujio kikali kinatumika kwa mionzi michache. Lakini zikisukumwa mno zinapaka picha mafuta. Siku hizi kuna akili mnemba iliyofunzwa kwa picha nzuri za watu wengine. Nayo hujua mshipa *kwa kawaida* ukoje. Mgonjwa wako si kawaida.

Niliwahi kutuma picha laini mno, katika hospitali nisiyoitaja. Nilisifiwa. Picha ileile ilipokokotolewa tena kwa kichujio kikali, doa jeusi lilijitokeza ndani ya stenti, dalili ya mshipa kuziba tena. Sikulala usiku ule.

Kwa hiyo mionzi ipunguzeni, lakini anzeni na mgonjwa mwenyewe: mapigo yake yashuke hadi 60 hivi kwa dakika, afundishwe kuzuia pumzi. Moyo unaorukaruka hauponywi na kompyuta yoyote. Kisha ombeni picha mbili, ya kichujio laini na ya kikali, mzitazame bega kwa bega. Na stenti ikiwa na kipenyo chini ya milimita 3, msione haya kuandika "haisomeki". Daktari atanuna. Mwacheni anune, mgonjwa ataenda kupimwa kwa katheta.