Mbona Hakuna Mtu Humu?

Ninaishi Mbingu, kijiji kilicho mbele ya Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa, ambako watu hulima mpunga na kokoa na treni ya TAZARA hupita. Utani wa jina hilo nimeshausikia wote. Mimi ni tabibu, na tangu masika ya mwaka juzi utani huo haunichekeshi.

Usiku mmoja wa masika hayo mama aliyekuwa amejifungua alivuja damu. Barabara ilikuwa tope tupu, gari likakwama. Tulifanya tuliyofundishwa: dripu, oksitosini, kumkanda tumbo. Alifariki kabla ya alfajiri. Saa mbili asubuhi watoto wenye homa walikuwa wamejaa kwenye benchi, nami nikasema, "Anayefuata."

Neno hilo ndilo lililonipeleka kwenye rangi. Niliokota kipande cha silingibodi kilichobaki kwenye ujenzi wa jirani, nikanunua makopo mawili ya rangi ya mafuta. Edward Tingatinga naye alitumia vitu vya namna hii, mbao za kujengea na rangi za baiskeli, lakini alichora chui na ndege, na kila mtu akajua anatazama nini. Mimi sichori kitu. Navuta bluu juu ya nyekundu mpaka nyekundu ibaki ufa mwembamba, kisha naanza upya. Wasomi huiita sanaa dhahania. Kwangu ni saa moja ya kutojua jina la mtu yeyote.

Siku moja bibi jirani aliniletea mchele, akaitazama ile picha. "Daktari, mbona hakuna mtu humu?"

Nikamwambia, "Bibi, siri za wagonjwa hazichorwi." Ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka damu ile iwe nyekundu tu, isiyo na mwenyewe wala mtoto aliyebaki. Huo si wizi? Nimechukua msiba wa watu, nikawatoa wenyewe, nikaufanya kivuli changu cha kupumzikia. Mume wa marehemu alirudi shambani wiki ile ile, maana mpunga haungoji. Yeye hana silingibodi.

Wachongaji wa Kimakonde wana mtindo uitwao mawingu: mpingo uliopindwa na kutobolewa, mara nyingi bila uso wala mkono kamili. Nilijitetea nao kwa muda. Lakini mchongaji hadaiwi na gogo lake. Mimi nadaiwa.

Utetezi nilionao sasa ni mdogo zaidi. Miezi nisiyochora, nawaita wagonjwa kama kondakta anavyoita abiria. Nikichora, kesho yake nasoma jina kwenye kadi, nalitamka, nasubiri mtu ainuke. Kama saa ile ya kutojua majina ndiyo inayonirudishia majina, basi sidhani ni wizi. Labda ni mkopo.

Mkopo nao una hatari zake. Kuna usiku waligonga mlango nikiwa katikati ya kuvuta bluu, nikamaliza kwanza ule mkono. Dakika mbili, pengine tatu. Ilikuwa homa ya kawaida ya mtoto, lakini nilipokuwa navuta sikujua hivyo.

Siku hizi nachora mlango ukiwa wazi. Mbu wa bondeni wanaingia wapendavyo, wengine wananasa kwenye rangi mbichi. Siwatoi.