Roboti Haijui Jina la Babako

Tuseme una hela za kumlipia mtoto mmoja tu masomo ya uhandisi, miaka yote mitano. Mbele yako wako wawili, wote wa kaunti ya Kajiado. Wa kwanza anasoma shule ya kibinafsi Kitengela, na timu yake imetoka kushinda mashindano ya roboti. Wa pili yuko shule ya kutwa upande wa Magadi. Hajawahi kugusa roboti, lakini redio na simu za kijiji kizima zikiharibika hupitia mikononi mwake. Utampa nani?

Wengi wetu tungempa wa kwanza bila hata kusita. Ameshinda, si ndiyo?

Na jibu hilo si la kipuzi. Sote tunajua basari zinavyogawanywa huku kwetu. Fomu inataka muhuri wa chifu, muhuri unataka mtu anayejuana na chifu, na orodha ikitoka unakuta majina ya ukoo mmoja yamefuatana. Uwanja wa roboti hauna mambo hayo. Roboti ama inainua boksi ama inaliacha chini. Haijui babako ni nani wala mlimpigia nani kura. Kwa kijana asiye na mjomba ofisini, hiyo ni haki kubwa, na mtu akisema tufute mashindano nitamkatalia.

Ndiyo maana wazo la kufunga roboti na karo pamoja limeenea. Kule Marekani, shirika la FIRST, lililoanzishwa na mvumbuzi Dean Kamen mwaka 1989, lina orodha ya vyuo na makampuni yanayotoa ufadhili kwa wanafunzi waliopitia mashindano yake. Mwaka 2017 yakaanza ya FIRST Global, mjini Washington: kila nchi timu moja, kila timu seti ileile ya vifaa. Nalipenda sharti hilo, kwa sababu bila hilo mtakuwa mnashindanisha mifuko ya wazazi.

Lakini usawa huo huanza siku boksi linapofunguliwa. Nani yuko chumbani siku hiyo? Seti moja ya LEGO ya kufundishia roboti hugharimu zaidi ya dola 300. Shule inayoimudu huwa pia na kompyuta, mwalimu mwenye muda, na wazazi wa kulipia basi. Mtoto wa Magadi hakushindwa. Hakuitwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa kwenye orodha ya washindi yanafanana kabisa: jina halipo.

Hapo ndipo namkumbuka Richard Turere. Ni wa hapa hapa, kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, upande wa kusini ambako hakuna ua wa kuwazuia wanyama. Simba walikuwa wakitoka usiku kula ng'ombe wa familia, na kuwalinda ng'ombe hao ilikuwa kazi yake. Akajaribu moto, ukawamulikia simba zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza wakaogopa, ya pili wakaizoea. Usiku mmoja akazunguka na tochi, na simba hawakuja. Akaelewa kwamba wanaogopa mwanga unaotembea. Akiwa na miaka 11 tu, akaunganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kisanduku cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu. Taa zikawa zinawaka kwa zamu kuzunguka zizi, kama kwamba kuna mtu anapita. Majirani wakamwomba awafungie na wao. Shule ya Brookhouse jijini Nairobi ikampa ufadhili, na mwaka 2013 akasimama jukwaani TED, California, kueleza kazi yake.

Usiichukulie kama hadithi tamu tu. Juni 2012, wanakijiji Kitengela waliwaua simba sita baada ya mifugo kushambuliwa. Ugomvi wa binadamu na simba ulikuwa wa damu kweli, na mtoto alikuwa ameutafutia jibu la kihandisi bila kocha wala jaji mwenye saa.

Angeombwa cheti cha mashindano, angeonyesha nini? Na tusijidanganye, hata yeye alionekana kwa sababu boma lao liko karibu na jiji. Lingekuwa ndani ndani kule Loitokitok, huenda taa zingewaka vilevile, ng'ombe wakalala salama, na sisi tusijue.

Nadhani tunachanganya tuzo na ufadhili. Tuzo ni asante kwa ulichofanya jana, kwa hivyo medali mpe aliyeshinda, bila masharti. Ufadhili unalipia kesho, kwa hivyo swali lake ni lingine: bila hela hizi, ni mlango gani utafungwa? Ukimlipia mshindi ambaye mzee wake angelipa karo vyovyote vile, hujafungua mlango wowote. Umempunguzia mzee gharama. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, kwa hivyo usinisome kama mtu asiye na upande.

Utaniuliza, na daraja likianguka? Kweli, uhandisi si mahali pa kuoneana huruma. Weka kizingiti: hesabu, fizikia, na kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako. Asiyekivuka asiingie. Ila kwa waliovuka, usihesabu roboti ya nani ilimaliza sekunde mbili mapema. Chuo kitawachuja chenyewe kwa miaka mitano. Ufadhili haumfanyii mtu mtihani.

Kuna ugumu hapa, na sitaki kuuficha. Mtoto wa Kitengela hana kosa, na ploti zetu zimejaa wazazi wanaolipa shule ya kibinafsi kwa mkopo wa sacco. Jina la shule haliwezi kuwa kipimo. Tukisema basi tupime umaskini wa nyumba, chifu anarudi na muhuri wake.

Kwa hivyo mimi ningeiacha mashine ibaki kuwa mwamuzi, ila tuwaite wengi zaidi. Boksi lilelile lipelekwe Magadi, likae muhula mzima, kisha tuone. Na fomu ya ufadhili iongezwe swali moja: ulipoanza, ulikuwa na nini mkononi? Jibu liletwe likiwa kitu cha kushikwa, si barua. Kisanduku cha indiketa kilichotolewa kwenye pikipiki mbovu kinajieleza, na hakihitaji muhuri wa mtu.